Sura ya Saba: Mashine Iliyokuwa Ikihema

Kabla macho ya fundi hayajazoea giza, masikio yalishapata kitu. Pumzi. Nzito, ndefu, yenye mkwaruzo mwishoni, kama ya mtu aliyepanda ngazi na mzigo kichwani. Ilipanda, ikashuka, ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza upya.

"Humu kuna mgonjwa?" akauliza.

"Hayupo tena," akajibu mwanamume aliyesimama nyuma yake mlangoni. Akakohoa kidogo. "Hiyo ni kompyuta."

Nje jua la saa kumi alasiri lilikuwa bado linachoma, lakini mapazia ya chumba kile hayakuwa yamefunguliwa tangu siku ya mazishi, miezi miwili na nusu iliyopita. Mwenye nyumba akapapasa ukutani, akawasha taa. Meza ikaonekana, na juu yake skrini na kibodi. Chini ya meza, sakafuni, lilisimama kasha jeusi la kompyuta lenye matundu ya mistari ubavuni. Na hapo hapo kando ya kasha, karibu kiasi cha mkono kufika, kilikuwepo kitanda kimoja kilichotandikwa vizuri.

Fundi aliviangalia vyote hivyo bila kugusa kimoja. Mtaani walimwita Bi Maswali, na jina la kwenye cheti chake lilishasahaulika. Mafundi wengine wakiitwa huanza na bisibisi; yeye alianza na daftari. Wateja wapya walikereka. Wa zamani walikuwa wakiambiana, mwacheni amalize, mashine haisemi uongo ila waliomo nyumbani husema, na nusu yao hata hawajui kama wamesema.

"Ina tatizo gani?"

"Imekuwa kobe," akasema mwenye nyumba. Alikuwa mchora ramani za majengo, mtu mwembamba mwenye penseli sikioni, na shati lake lilionyesha kwamba nyumba ile haikuwa tena na mtu wa kumkumbusha kupiga pasi. "Mchana nakwenda kupima viwanja. Jioni nachora. Saa mbili usiku naiagiza itengeneze picha ya jengo, ile ambayo mteja anaiona nyumba yake kabla haijajengwa. Kazi hiyo huchukua usiku kucha, kwa hiyo nazima skrini, naiacha, naenda kulala chumbani kwangu. Zamani nikiamka nakuta picha iko tayari. Siku hizi nakuta imejizima yenyewe, picha haijafika hata nusu. Nikiiwasha inajikokota mpaka chai inapoa."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu baada ya msiba." Akapunguza sauti. "Dada fundi, mimi mhalifu ninamjua. Nataka tu uniandikie kwenye karatasi kwamba imeharibiwa na flashi yenye virusi."

"Flashi ya nani?"

Mchora ramani akanyoosha kidevu kuelekea ukumbini. Karibu na mlango wa nje palikuwa na begi la nguo, zipu imefungwa, na ndoo ndogo imefungiwa juu yake kwa kamba.

"Shemeji yangu. Mdogo wake marehemu mke wangu. Alikuja kumuuguza dada yake, akabaki kumlea mtoto. Anasoma masomo ya jioni, na huko wanapeana flashi kama watoto wanavyopeana pipi. Kila akiigusa mashine mchana, usiku inakufa. Nimeshamwambia. Kesho, na gari la kwanza, anarudi kwao. Lakini wakwe zangu watauliza sababu, na nataka niwe na karatasi ya fundi."

"Na mtoto?"

"Atazoea." Alilisema haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. "Kikulacho ki nguoni mwako, dada."

"Sawa, kaka. Ila mimi nikihisi kuna chawa, shati nalivua kwanza ndipo naanza kumtafuta. Silichomi." Bi Maswali akafungua daftari. "Na unisaidie jambo moja. Umeniita niwe fundi au niwe shahidi wako?"

Mwenye nyumba akavuta kiti, akampa.

Alianza na flashi, kwa sababu ndiyo iliyoshtakiwa. Mama mdogo wa mtoto aliileta mwenyewe kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, sweta la manjano limepandishwa hadi kwenye viwiko. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho mekundu ya mtu aliyelia asubuhi akanawa mchana.

"Ikague hadi utumbo wake, dada," akasema. "Kama kuna kitu, leo hii naondoka kwa miguu, sisubiri hilo gari."

Bi Maswali akaichomeka kwenye kompyuta yake ndogo aliyokuja nayo begani, akaikagua faili moja baada ya jingine. Maswali ya historia. Mazoezi ya hesabu. Barua ya kuomba kazi, imeandikwa mara sita, kila mara ikiwa fupi zaidi. Virusi, hakuna.

"Flashi ni safi."

"Atakuwa ameshaifuta!" akasema mchora ramani.

"Shemeji, kama ningekuwa na akili hizo ningekuwa bado nasoma kidato cha nne usiku?"

Fundi akainamia skrini kuficha tabasamu. Akaiangalia diski: nafasi tele, zaidi ya nusu iko wazi. Akaangalia programu zinazoamka pamoja na mashine. Hapo akasimama, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Programu za kuzuia virusi ziko mbili. Nani kaziweka?"

Mchora ramani akajikuna shingo.

"Mimi. Mwenzangu wa kazini alisema moja haitoshi."

"Kaka, umeajiri walinzi wawili kwenye geti moja. Mlinzi huyu anampekua yule, yule anampekua huyu, mwizi anapita anawasalimu."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko, kikazibwa upesi na mkono. Hata mchora ramani alitaka kucheka. Midomo ilijaribu, ikashindwa. Bi Maswali akaondoa programu moja, akaizima mashine na kuiwasha tena. Iliamka upesi kidogo kuliko mwanzo. Lakini pumzi ilikuwa ile ile, na baada ya dakika kumi ikaanza kuburuza miguu.

"Huyo alikuwa kibaka tu," akasema fundi. "Mwizi mwenyewe bado yumo."

Mlangoni palikuwa na mtoto. Hakuna aliyemsikia akija. Msichana wa miaka sita, sare ya shule bado mwilini, meno mawili ya mbele hayapo, ulimi ukichungulia kwenye pengo.

"Huyu ndiye Kibogoyo wangu," akasema baba. "Msalimie fundi."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe njoo nikuulize. Mashine hii unaionaje?"

"Inaumwa."

"Umejuaje?"

"Inahema. Usiku inahema sana kuliko hivi."

"Haya, tumepata daktari," akasema baba, akampapasa kichwa. "Nenda kwa mama mdogo akupe chakula."

Mtoto akaenda. Bi Maswali aliliandika jibu lile kama alivyokuwa ameyaandika mengine yote, neno kwa neno, akapiga mstari chini ya neno *usiku*.

Kisha akafungua kumbukumbu za mashine, ule ukurasa ambao wenye kompyuta wengi hawajui kama upo, ambako mashine hujiandikia kila inapowaka, inapozimika na inapopatwa na balaa. Akazinakili kwenye daftari tarehe za majuma manne. Karibu kila usiku ilikuwa habari ile ile. Saa mbili kazi inaanza, na inakwenda vizuri. Karibu na saa tatu na nusu joto linapanda ghafla, na mashine inapunguza mwendo ili isiungue. Saa saba, saa nane, inajizima yenyewe.

"Siyo virusi," akasema. "Ni joto. Mashine yako inashikwa na homa kila usiku, kaka, na inashikwa kwa saa. Saa tatu na nusu nani anakuwa wapi?"

"Mimi nimeshalala. Naamka alfajiri. Shemeji siku za kazi anarudi darasani saa tatu, anakula, analala chumba cha uani. Humu analala mtoto tu."

"Kwa nini humu?"

Mchora ramani aliangalia kitanda. "Mama yake aliugulia humu. Ni karibu na bafu, tukamhamishia humu. Baada ya mazishi mtoto akakataa kulala kwingine. Tukamwacha."

Fundi akarudi kwenye daftari. Kidole chake kikashuka kwenye safu ya tarehe, kikasimama.

"Ijumaa na Jumamosi ya wiki iliyopita haikujizima. Joto halikupanda. Ulikuwa na kazi usiku wa siku hizo?"

"Nilikuwa nayo. Lile duka la kona." Akafikiri. "Kweli. Picha zote mbili zilikuwa tayari asubuhi. Nikasema labda imepona."

"Shemeji yako alikuwepo?"

Mama mdogo akajibu mwenyewe, sahani mkononi. "Nilikuwepo. Tena hakukuwa na darasa. Jumamosi niliishika mashine hii mchana kutwa, na flashi ndani."

"Ni kweli?" fundi akamuuliza mwanamume.

"Ni kweli," akasema polepole.

"Basi siku ambayo mshtakiwa ameshinda nayo mchana kutwa ndiyo siku ambayo mashine imelala salama. Nani mwingine alikuwa ndani ya nyumba?"

"Hakuna. Mimi na yeye tu. Mtoto alikwenda kwa bibi yake siku mbi..."

Hakumaliza. Kalamu ya Bi Maswali ilikuwa imesimama. Hakuandika kitu. Akalifunga daftari, akachukua bisibisi.

Aliilaza mashine sakafuni, akafungua skrubu nne, akavua ubavu wa kasha. Ndani, feni ilikuwa imevaa vumbi la kijivu, zito kama kapeti.

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akiifuta," akasema mchora ramani kwa sauti ndogo. "Kila Jumapili, kabla hajazidiwa."

Fundi hakulipuliza vumbi. Alilimenya taratibu kwa ncha ya brashi, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayemenya kitunguu bila kutaka kimlize. Chini, vumbi la kijivu la miezi mingi. Juu yake, upande wa matundu, kulikuwa na kitu kingine: nyuzi. Nyuzi ndefu, laini, za manjano.

"Sweta!" Mchora ramani akaruka wima. "Tazama rangi! Si sweta lake hilo?"

Mama mdogo akalitazama sweta lake kana kwamba limemsaliti.

"Lete hapa," akasema Bi Maswali. Akachomoa kiuzi kimoja kwenye pindo la mkono, akakiweka kwenye kiganja pamoja na kile cha ndani ya mashine, akaenda dirishani. "Samahanini," akasema, akavuta pazia.

Mwanga ukaingia kwa kishindo. Wote watatu wakafumba macho. Uzi wa sweta ulikuwa mfupi, mgumu, umesokotwa na kiwanda. Ule mwingine ulikuwa wa sufu laini, na ndani yake mmesokotwa mweupe mmoja mwembamba.

"Siyo sweta."

Akageuka. Kwa mara ya kwanza chumba kile kilikuwa na mwanga wa kutosha, na juu ya kitanda, upande wa miguu, lilionekana blanketi la manjano lenye mistari myeupe, limekunjwa mara nne, kona juu ya kona, pasipo mkunjo hata mmoja.

"La nani hili?"

"La dada," akasema mama mdogo. "Mtoto hataki liondolewe hapo. Kila asubuhi naamka nakuta ameshalikunja mwenyewe. Dada ndiye aliyemfundisha."

Bi Maswali akalikunjua juu ya kitanda. Katikati palikuwa na alama za vumbi la kijivu, mistari iliyopangwa sambamba. Akaihesabu kwa kidole. Tisa. Akainama, akahesabu matundu ya ubavuni mwa kasha. Tisa.

Alilikunja blanketi kama alivyolikuta, akamgusa mchora ramani begani, akamtoa hadi ukumbini. Mama mdogo akawafuata, akaufunga mlango wa chumba.

"Kaka," fundi akaanza kwa sauti ya chini, "karatasi yako sitaiandika. Kila usiku kuna mtu anaifunika mashine hii kwa blanketi, anaichomekea vizuri pembeni, asubuhi anaamka mapema analikunja. Hataki kuharibu. Mashine ilianza kuhema kwa sababu ya vumbi. Yeye amelala pale kando, anaisikia. Kwake yeye kitu kinachohema gizani ni mgonjwa, na mgonjwa anafunikwa. Lakini mashine ikihema ndiyo inatafuta hewa. Kitu kinachohema ukikifunika unazidi kukiua."

Mchora ramani aliegemea ukuta. Penseli ilimdondoka sikioni, hakuiokota. Alitazama begi lililokuwa mlangoni, kamba, ndoo. Kisha akaenda, akapiga magoti, akaanza kuifungua kamba ile.

"Shemeji," akasema bila kuinua uso, "nimekukosea. Nimekosea na wazazi wako. Uchungu ulinizidi, nikatafuta wa kumlaumu. Kama bado una moyo wa kubaki, baki."

"Fundo hilo hulivuti hivyo, unalikaza," akasema mama mdogo. "Toka, nifungue mwenyewe."

Hapo ndipo waliposikia kijiko kikiwekwa juu ya sahani. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mtoto alikuwa amesimama pale mlangoni, chakula hakijaguswa.

"Baba."

"Naam, Kibogoyo."

"Na Mama alikuwa anahema."

Mtoto akaushika mwimo wa mlango.

"Na mimi nilimfunika."

Bi Maswali alifumbua mdomo. Miaka kumi na moja ya kazi hii hakuwahi kukosa swali, sasa alilikosa. Aliitazama mikono yake yenye vumbi, akaingia chumbani, akaichomoa feni, akarudi nayo kiganjani, upande wake mmoja bado una vumbi, akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Mwanangu, nilikuwa nasema mashine. Mashine tu. Na hata mashine tazama. Hili la chini, la kijivu, ndilo ugonjwa. Hizi za manjano za juu ndizo za blanketi lako. Lipi lilitangulia?"

Mtoto akachungulia. "Hili la chini."

"La chini. Wewe ulikuja ikiwa imeshaumwa, na dawa yake ni brashi. Sasa nimeijua, kesho haitahema."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, lakini macho hayakuwa kwa fundi. Yalikuwa kwa baba yake. Na mchora ramani akaacha begi, akaja kwa magoti, hivyo hivyo, akivuka ukumbi mzima, mpaka uso wake ukawa sawa na wa binti yake.

"Nisikilize. Mama alikuwa na ugonjwa kwenye mapafu. Ulianza zamani, hayo meno yako yaliyong'oka yakiwa bado mapya. Daktari aliniambia mwaka jana kwamba hatapona. Mimi sikukwambia. Nilikwambia Mama amechoka, Mama anapumzika. Nilikosea mimi, siyo wewe."

"Lakini nilimfunika mpaka hapa." Akaonyesha kidevuni.

"Mashine haisikii baridi. Mama alikuwa akisikia baridi, hata mchana, hata jua likiwaka. Unakumbuka alivyokuwa akivaa soksi?"

"Mbili mbili."

"Mbili mbili." Akamshika mkono. "Usiku ule wa mwisho mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye kiti, usingizi ukanishika. Sikuamka mpaka alfajiri. Kwa hiyo kilichotokea sikijui, na hakuna mtu wa kumuuliza ila wewe. Ulipomfunika, alifanyaje?"

Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya begi lake, kamba mkononi. Bi Maswali hakunyanyuka pale alipochuchumaa. Mtoto alifikiri, ulimi kwenye pengo, macho juu kidogo, kama anayetafuta kitu kwenye kabati asilolifikia vizuri.

"Alisema asante."